Mkaguzi Asiyepitisha Nyumba

Mume wangu Ngassa alikuwa dalali wa nyumba mjini Shinyanga kwa miaka kumi na mmoja, na muda wote huo sisi wenyewe tulipanga vyumba viwili kwa Mzee Marselino, nyuma ya stesheni. Sisemi hivyo ili mcheke. Mtu anashinda akiwatafutia wenzake nyumba, na mkewe anagombania kamba ya kuanikia nguo na wapangaji wengine.

Kazi aliiweza, hilo simnyimi. Alijua nani anahamishwa, nani kafiwa, nani kauza pamba vizuri na sasa anataka nyumba ya bati mjini. Nyumba yenye nyufa aliisiliba kwa udongo uliochanganywa na majivu na samadi, akapaka chokaa juu, kisha akamwambia mteja aje saa nne, jua likiwa linawaka ukutani. Na hakuwa mwongo. Hapo ndipo penye kuudhi. Alikuwa na namna ya kusema kweli ambayo ilikuwa mbaya kuliko uongo.

Mwaka sabini na tatu alimpatia nyumba Salvina, mshonaji, mjane wa watoto wawili, aliyeletwa huku kutoka Songea na kazi ya marehemu mumewe. Salvina aliuliza nyumba yenyewe iko mahali gani. Ngassa akajibu kwamba iko mbugani. Kwa Wasukuma mbuga ni ule udongo mweusi mzito, unaopasuka kiangazi mpaka mkono unaingia, na mvua ikinyesha unavimba na kusukuma kila kilichosimama juu yake. Hakuna Msukuma anayejenga hapo kwa hiari. Salvina, na Kiswahili chake cha Songea, alisikia uwanda, upepo, nafasi ya watoto kukimbia. Akafurahi. Ngassa aliona kabisa kwamba amefurahi kwa sababu hajaelewa, akanyamaza.

Mvua za mwaka uliofuata ukuta wa mbele ulilala chini mchana kweupe, cherehani ikiwa nyuma yake. Mungu ni mkubwa, watu walikuwa nje. Jioni ile ile Salvina alifika kwetu na watoto, godoro moja, na gurudumu la cherehani. Hakulia wala hakutukana. Alinisalimia vizuri, akakaa, akamgeukia mume wangu.

"Baba Euphrasia," akasema, "nyumba uliyonipatia imeanguka. Nimekuja kukaa hapa mpaka unipatie nyingine."

Alikaa miezi minne. Vyumba viwili, watu wazima watatu, watoto watano: wawili wake, na Euphrasia wetu na wadogo zake wawili. Alikuwa mpole, anafagia uwanja kabla sijaamka, na upole wake ulinichosha kuliko ambavyo ugomvi ungenichosha. Kila tulipokaa kula Ngassa alirudia kwamba hakumdanganya mtu, alisema wazi ni mbugani. Salvina aliitikia kila mara kwamba ni kweli, aliambiwa. Ikafika siku mume wangu akaacha kulitaja neno lile. Salvina alipopata chumba karibu na misheni, kwa jitihada zake mwenyewe, Ngassa alitangaza kwamba udalali basi. Kuanzia sasa yeye ni mkaguzi wa nyumba: mtu akitaka kununua, amchukue yeye kwanza akaitazame.

Nilimuuliza ni nani atakayemlipa mtu ili aambiwe asinunue. Akatoka kwenda kununua msumari.

Vifaa vyake vilikuwa msumari wa inchi nne wa kuchoma kuta, ndoo ya maji ya kumwaga kwenye msingi, na vipande vya gazeti alivyobandika kwa uji wa muhogo juu ya kila ufa. Uji ulitoka jikoni kwangu, bila shaka. Akishabandika anaondoka, anarudi baada ya wiki mbili. Gazeti likiwa zima, ufa umekufa. Likiwa limechanika, ufa ungali hai na nyumba inatembea.

Lakini ile ilikuwa miaka ya kampeni ya vyoo, na kwetu ukisema mkaguzi watu walijua wa aina moja tu. Alipiga hodi, akaeleza kwamba amekuja kukagua, na mwenye nyumba akamshika mkono moja kwa moja mpaka uani kumwonyesha shimo, kifuniko na kopo la maji. Mama mmoja wa Ibinzamata alikataa kumfungulia sebule mpaka kwanza achungulie shimo na kulisifu. Akarudi amenuna, akaniambia kwamba wiki ile ameona vyoo ishirini na nyumba tatu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baada ya hapo kazi ile haikunichekesha tena.

Maana mwaka sabini na nane, mwezi wa saba, Mzee Marselino alikuja, akapokea shikamoo zetu, akasema kijana wake anaoa na vyumba anavihitaji. Tumpishe kabla ya mvua. Akiba ya kununulia kijumba tulikuwa nayo, na mimi mjinga nikajiona mwenye bahati, kwa kuwa mume wangu alizijua nyumba zote za mji.

Nikapata nyumba Ngokolo. Akabandika magazeti yake, akasema hapana. Nikapata nyingine Ndala. Hapana, mchwa wameingia kwenye fremu za milango. Ya tatu ilikuwa Kitangili, ina mwarobaini uani na upepo mzuri. Akachoma msumari, akatega sikio ukutani, akasema hapana. Aliyeinunua anaishi humo mpaka leo na ameongeza vyumba.

Ndipo nikaanza kukumbuka wateja wake mmoja mmoja. Katika miaka minne Ngassa hakuwa ameipitisha hata nyumba moja. Hata moja! Wengi walikuwa wameacha kumwita, kwa sababu jibu walikuwa nalo kabla hajabeba ndoo. Nilikuwa nimeolewa na mtu aliyeogopa kusema ndiyo. Nilimkasirikia na nilimhurumia, na kumhurumia mtu uliyemkasirikia kunachosha mno.

Mwezi wa kumi tuliikuta nyumba ya Mwalimu Theonest, aliyekuwa anahamia Bukoba. Vyumba vitatu na jiko, tofali mbichi, bati zima. Ngassa alibandika magazeti matano. Wiki mbili zile Mzee Marselino alipita kila Jumapili baada ya misa kutujulia hali, akitazama juu, mawingu yalivyo. Siku ya kurudi kuangalia nilimfuata mume wangu. Magazeti manne yalikuwa mazima. Moja, la jikoni, lilikuwa limechanika katikati.

Nilimwambia pale pale, mwalimu akisikia. "Baba Euphrasia, kilichopasuka nakiona, macho ninayo. Sitaki tena mkaguzi. Nataka mume aniambie tuingie au tusiingie."

Aliizunguka nyumba mara mbili. Aliporudi alieleza kwamba ukuta wa jikoni utatusumbua, itabidi kuubomoa na kuujenga upya kiangazi kijacho. Fremu ya mlango wa nyuma imeliwa. Maji ya mvua lazima yachimbiwe mfereji. Nikasimama kuingoja ile hapana yake, nikifikiria jinsi nitakavyofunga vyombo vyangu na kuvipeleka nisikokujua.

"Tuinunue," akasema.

Hasira zangu zilikuwa bado hazijatulia. Nikamuuliza, "Na ikianguka?"

"Ikianguka," akasema Ngassa, "safari hii na mimi nitakuwa ndani."