Fundo la Lori

Kwenye yadi ya malori alikofanya kazi tangu ujana, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mzee Kamba, naye jina hilo alilivaa kama suti. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo na turubali, na hakuchoka kujisifu kwamba gunia alilolifunga yeye halijawahi kudondoka njiani. Na kweli halijawahi. Shida ya watu wa namna hii ni kwamba wakiwa sahihi kwenye jambo moja, basi, wamemaliza kusoma.

Binti yake, mpima macho, alikuwa na hamu ya kupanda mlima ule mkubwa wenye barafu mabegani. Mafunzo yalitaka kila mtu aje na mwenzake wa kufungwa naye kamba moja. Rafiki zake walichomoka mmoja mmoja, huyu ana harusi, yule mgongo unamsumbua. Baba mtu akajitolea kabla hajaombwa.

"Kwa mambo ya kamba," akamwambia, "nani wa kukushika kama si mimi?"

Walifundishwa kwanza kwenye chumba cha ghorofani, kambini chini ya mlima, kamba zikining'inia ukutani, mabenchi yamesogezwa pembeni. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa umri wa binti, midomo imebabuka kwa baridi. Akawaeleza kwamba barafu ya mlimani ina nyufa, na nyingine zimefunikwa na theluji nyembamba, huzioni mpaka uwe umeshakanyaga. Mmoja akitumbukia, mwenzake anajitupa chini na kukita meno ya chuma ya viatu vyake mpaka amshike. Kisha anazika sululu kwenye theluji iwe nanga, na kuhamishia uzito huko ili mikono yake iwe huru kuvuta. Kwa kuhamisha uzito kulikuwa na fundo moja tu: kitanzi chembamba kinachozungushwa kwenye kamba nene, ukikivuta kinang'ata. Na kabla ya kutoka, mwenzako analivuta kila fundo lako, likishika anasema "sawa".

Wengine walijizoeza kwenye miguu ya mabenchi. Mzee Kamba akapiga miayo. Kisha akamwonyesha mkufunzi fundo lake la yadini, linalobana mzigo hasa lakini ukivuta mkia mara moja linaachia, ili lori likifika watu wasihangaike. Mkufunzi akamjibu kwa adabu kwamba huko juu fundo la kuachia ndilo wasilolitaka. Binti akamvuta baba yake pembeni.

"Baba, tafadhali, funga kama tulivyofundishwa."

"Mwanangu, leo wewe ndiye wa kunifundisha kufunga?"

Siku ya mazoezi theluji iliwaka jua hata macho yakauma. Binti alipotaka kulivuta fundo la kiunoni mwa baba yake, mzee alimpungia mkono kwamba la kwake halina haja ya kukaguliwa. Mkufunzi alimfunga binti kamba ya pili, ya akiba, akaishika mwenyewe. Binti akarudi kinyumenyume hadi ukingo wa ufa, akajiachia.

Mzee Kamba alijitupa chini akamshika, tena vizuri, na kama angeishia hapo angestahili sifa zote. Akazika sululu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na vidole vya namna hiyo hufanya vilichokizoea. Akafunga fundo la lori. Akainuka, akageuka kutafuta wa kumpongeza, meno ya kiatu chake yakanasa mkia wa fundo.

Likaachia. Kamba ikakimbia, ikamwangusha chali, na ndani ya ufa binti akapiga ukelele uliokatika ghafla, kamba ya akiba ilipomdaka. Walimtoa amechanika kidevu, damu kwenye kola. Wengine wakiaibika hutamani ardhi ipasuke iwameze. Yeye ilikuwa imepasuka tayari, miguuni pake.

Mkufunzi aliokota kamba akauliza ni nani aliyeamua lifungwe fundo lile. Mzee alifungua mdomo. Binti akamtangulia.

"Nilimwambia mimi. Niliona litakuwa la haraka."

Mkufunzi alimtazama binti, kisha baba. Akasema kwamba anayemwelekeza mwenzake vibaya hafai kwenye kamba, na kesho, siku ya kupanda kwenyewe, atabaki chini. Wenzao wakamwonea baba huruma. Mmoja akampigapiga begani kumpa pole, naye akaipokea. Akateremka na wenzake.

Jioni alimkuta binti kwenye benchi, kidevu kimefungwa bandeji, akikunja taratibu kamba ambayo hataitumia. Akamuuliza kwa nini amesema vile.

"Wangekucheka, baba."

Afadhali angemzaba kofi. Alienda kwenye chumba cha chai, walikokuwa wote, akasimama mlangoni bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Fundo lilikuwa langu," akasema. "Huyu mtoto alinikataza, nikamdharau. Halafu akadanganya kunisitiri, na mimi nikamwacha adanganye."

Hakuna aliyecheka. Angeshukuru wangecheka. Mkufunzi akasema kwamba binti atapanda, atafungwa kwenye kamba yake yeye. Mzee atabaki, na akipenda, chumba kipo na kamba zipo.

Asubuhi, wengine wakifunga viatu, Mzee Kamba alikuwa amepiga magoti mbele ya mguu wa benchi. Kamba nene ameshaifunga hapo, na sasa alizungusha kitanzi chembamba, ulimi umetokeza kama mtoto anayejifunza kuandika. Binti alikuwa anapita kuelekea mlangoni.

"Nivutie, mwanangu," akasema bila kuinua uso.

Binti akainama, akavuta. Fundo likashika. Mzee akasubiri neno lake. Lakini binti alikanyaga benchi, akashika kitanzi kwa mikono miwili na kuvuta kwa uzito wake wote, kama mtu aliyewahi kuning'inia. Kitanzi kikateleza.

"Bado, baba," akasema taratibu, akatoka.

Mzee Kamba akalifungua, akaanza tena.