Madamu Plenti kwenye Dirisha la Stoo

Siku aliyomwona kwa mara ya kwanza, mtunza stoo alimchukia kabla hajamjua. Mwanamke mnene mwenye viatu vya kiume aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akakunja pua kama aliyekanyaga mzoga, akayatazama masufuria moja baada ya jingine, kisha akaja moja kwa moja kwenye dirisha la stoo. Hakusalimia. Aligonga ubao kwa kijiko.

"Wewe wa ndani! Nipe a few onions."

Mtunza stoo alikuwa mtu wa haya. Mvi zilikwisha kumwingia, lakini mbele ya mtu mkali bado alitazama vidole vyake vya miguu. Shule aliishia ya msingi. Vitunguu alivielewa, kilichobaki hakukielewa, akauliza kwa sauti ya chini, "Vingapi, mama?"

"Few!"

"Ndiyo, mama. Few ni ngapi?"

Waosha vyombo walishika mbavu. Mwanamke akawageukia. "Hoteli nzima hii mmeniwekea mlinzi wa vitunguu asiyejua hata few?" Ndipo wakajua kwamba huyo ndiye mpishi mkuu mpya. Kabla jua halijatua, mtunza stoo alikuwa Bwana Ngapi, na jina likamganda kama kupe. Yule mpishi naye, kwa kuwa kila kitu alikitaka plenty, maji plenty, moto plenty, walimwita Madamu Plenti, ila hilo walilisema akiwa ametoka kwenda kuvua viatu na kupumzisha miguu yake iliyovimba.

Hakuzaliwa na kijiko cha fedha mdomoni. Mwosha vyombo mmoja, mama mtu mzima aliyewahi kukaa naye mtaa mmoja, aliwasimulia wenzake. Alikuwa kifungua mimba. Mama yao alipofariki aliacha shule akaenda kufanya kazi za ndani kwa wageni, baadaye akapata kazi katika jiko la meli ya abiria. Huko alifundishwa kazi kwa Kiingereza na kwa mwiko wa mgongoni. Ndiyo maana akitukana alitukana kwa lugha ya mama yake, na akicheka vivyo hivyo, lakini akishika sufuria tu, ulimi unageuka. Wadogo zake wote aliwasomesha. Hakuna aliyewahi kuonekana akija kumjulia hali.

Mtunza stoo aliyasikia hayo yote kupitia dirishani, na hayakumlegeza moyo. Wapo ambao mateso huwalainisha kama maharage. Huyu yalimkausha kama kuni.

Maneno yenyewe yalimtia hasira kuliko mwenye maneno. Asubuhi Madamu alitaka "a bunch" ya majani ya giligilani. Mchana alitaka "a bunch" ya ndizi. Jioni akaulizia "a bunch" ya funguo, na kabla hajafunga kazi akawaita waosha vyombo "a bunch of fools". Neno lile lile! Lugha gani hiyo, aliwaza mtunza stoo, isiyoona tofauti? Ndizi zina mkungu na chane, kuni zina tita, mboga ina fungu, na wapumbavu hawana fungu, wamezagaa tu. Siku nyingine aliagiza "some sort of oil".

"Aina gani, mama?"

"Sort yoyote! Kwani nimekwambia ipi?"

Akampa yoyote. Chupa ikarudishwa kwa kishindo. "Si sort hii, zuzu wee!"

Mwishowe Madamu alimleta mwenye hoteli mpaka dirishani. "Mzee, huyu ananichelewesha. Kila neno ngapi, ngapi, kama bundi. Dirisha apewe mtu anayeelewa."

Mwenye hoteli hakupenda kelele. "Ijumaa nina wageni wazito," alisema. "Bwana Ngapi, chakula kikiharibika kwa ajili yako, ufunguo utaniachia, uende ghalani ukabebe magunia."

Mtunza stoo alijua maana yake. Mgongo wake ulikwisha kumwangusha mara moja, hata kuinama kufunga viatu alisaidiwa na mkewe. Ghala lingemmaliza.

Nyumbani alimwomba binti yake, aliyekuwa sekondari, amfundishe maneno ya vipimo. Binti akamkalisha mezani, akamwagia maharage mbele yake.

"A couple, baba, ni mbili. Lakini si lazima ziwe mbili. Mtu anaweza kusema couple akataka tatu."

"Couple si ndiyo mume na mke?"

"Ndiyo."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mume na mke ambao si lazima wawe wawili! Ndoa hizo mbona tunaziona mtaani kila siku?"

Walicheka, wakaendelea. Alijifunza kwamba few ni chache lakini zinatosha; kwamba "kind of" na "sort of" mara nyingi ni maneno ya mtu asiyejua anachotaka; kwamba "a pinch" ni kile kinachoshikwa kwa ncha za vidole. Binti alishika chumvi kidogo kwa vidole viwili, akamwonyesha. Kufika Alhamisi alikuwa akielewa kila agizo kabla kijiko hakijagonga ubao. Hata hivyo aliendelea kuuliza "Ngapi?" kama kawaida. Alipanga Ijumaa awashangaze wote, mwenye hoteli akiwepo.

Lakini Ijumaa asubuhi Madamu alipita dirishani, akasimama makusudi mpaka waosha vyombo wakanyamaza. "Leo ndiyo leo, Bwana Ngapi. Umemwambia mkeo aanze kuchemsha maji ya kukukanda mgongo?"

Walicheka wote. Hata yule mama mtu mzima alicheka.

Sasa, jiko lile lilikuwa na desturi yake. Kilichotoka dirishani ndani ya bakuli hakikupimwa tena. Kilikwenda sufuriani moja kwa moja. Mtunza stoo mwenyewe ndiye aliyeianzisha pamoja na mpishi wa zamani, ili kazi iende mbio. Madamu Plenti, aliyekebehi kila alichokikuta pale, desturi hiyo hakuikebehi. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapokea, akamimina.

Nyama ilipokuwa inakaribia kuiva, mkono ulinyooshwa. "Chilli! A pinch, just a pinch!"

Mtunza stoo alifungua kopo la pilipili ya unga. Alivitazama vidole vyake viwili. Kisha akaingiza mkono mzima, akatoa konzi iliyojaa, akaitia bakulini na kuisukuma nje. Hakuuliza ngapi. Aligeukia rafu, akaanza kupanga makopo yaliyokuwa yamepangwa.

Sahani zilipofika kwa wageni, kikohozi kilianzia meza ya mbele, kikatambaa ukumbi mzima. Mwenye hoteli aliingia jikoni machozi yakimtiririka, leso mdomoni.

"Nani katia hii?"

"Mimi," alisema Madamu. Alikwisha kuonja. Alikuwa akitazama dirishani.

"Uliagiza kiasi gani?"

"Pinch, mzee."

"Bwana Ngapi, pinch ni nini?"

"Sijui, mzee." Macho yake yalikuwa kwenye vidole vya miguu. "Mimi nikiuliza, nachekwa."

Nusu ya jibu hilo ilikuwa kweli, na ilitosha. Mwenye hoteli akamgeukia mpishi. "Umekuja mwenyewe kuniambia huyu hakuelewi. Halafu anachokupa unamimina bila kutazama? Mbele ya wageni wangu?"

Waosha vyombo walisubiri Madamu aitaje ile desturi. Ilikuwa haki yake, na kila mmoja pale angeshuhudia. Madamu akavua aproni. Visu vyake alivikunja ndani ya kitambaa polepole, kimoja kimoja, huku mwenye hoteli akimhimiza aondoke.

Njia ya mlango wa nyuma ilipita dirishani. Mtunza stoo alisikia viatu vile vizito vikisimama, akaendelea kushika kopo ambalo hakuwa na haja nalo.

"Mimi nilitaka kukutoa hapo kwa mdomo wangu, mbele za watu, na wote walinisikia," alisema Madamu Plenti. "Wewe umenitoa, na hata pumzi hukuitoa."