Hedi Yenye Nukta Nne

Mjomba wangu alikuwa na namna yake ya kuuliza. Akikuuliza, "Mama," ndivyo alivyoniita tangu utotoni, "leo tule wali au ugali?" na ugali umeshasongwa, ujue hujaulizwa kitu. Unajibu ugali, naye anafurahi kwamba mmekubaliana. Ndivyo alivyonilea, na hata gerejini kwake, hapa Dodoma, kazi zilikwenda hivyo hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, la milango miwili, limeundwa kabla sijazaliwa. Mwenye gari, mstaafu wa serikali anayekaa Mkonze, alilinunua ujanani, na sasa alitaka lifungwe turbo isukume hewa zaidi kwenye injini, apate mbio alizojinyima wakati wa kusomesha watoto. Mjomba aliniambia mbele yake kwamba nikiimaliza kazi ile vizuri, gereji itakuwa yangu yeye akipumzika. Nilikuwa nimemfanyia kazi miaka tisa. Niliitaka gereji ile, na mabati yake yanayovuja, kuliko nilivyowahi kutaka kuolewa.

Bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kuchagua hedi, lile pande zito la chuma linalofunika silinda na kubeba valvu. Tulikuwa nazo mbili. Moja ilitoka Dar, kwenye gari la aina hiyo hiyo lililokatwakatwa: chafu, ina kutu, lakini nene, haijawahi kuguswa na mashine. Ya pili ilikuwa ya gari lenyewe. Kila injini ilipochemka miaka ya nyuma, mjomba aliifungua hedi ile akaikwangua uso mashineni, kisha akapiga nukta moja ubavuni kwa panchi, ili fundi atakayefuata ajue imekwanguliwa mara ngapi. Halafu njia zake za hewa alizisugua mwenyewe, jioni kwa jioni, mpaka zikang'aa kama sahani za harusi. Aliipenda. Aliifunika kwa kanga ya marehemu shangazi.

Nilifuta grisi nikahesabu nukta nne. Nikapima unene wake kwa venia, kile kipimo chetu cha milimita, mara tatu: ilikuwa imekonda mno. Hedi ikikwanguliwa sana, nafasi ya kuchomea mafuta inapungua na mgandamizo unapanda. Injini ya kawaida itavumilia. Ukiongeza na turbo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinatoboka. Hilo nililijua vizuri kama ninavyojua njia ya kwetu.

Mjomba akaja, akaweka kiganja juu ya hedi yake. "Haya mama, wewe ndiye umesoma chuo. Tufunge ipi?"

Venia ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimtazama, nikaona anavyosubiri kukubaliwa, nikasema, "Hiyo yako, mjomba."

Alicheka kwa furaha. Mimi nilijidanganya kwamba huenda ikashika.

Siku ya kulijaribu tulishika barabara ya Hombolo asubuhi, mjomba kwenye usukani, mzee pembeni yake, mimi nimejikunja nyuma. Mwanzoni lilikwenda vizuri, mzee akaanza kuimba. Tulipofika kwenye mwinuko mjomba akakanyaga mafuta, turbo ikaamka, nami nikasikia injini ikilia kama kokoto zinazogonga ndani ya kopo. Nilifungua mdomo kumwambia aachie. Kabla sijasema, moshi ulijaa nyuma yetu na injini ikazima.

Tulisimama kando ya shamba la zabibu. Mzee hakugomba, aliuliza tu kwa sauti ndogo kilichotokea. Mjomba alijipangusa mikono, ingawa haikuwa na kitu.

"Hedi alichagua binti," akasema. "Nilimwachia yeye, si ndiyo kumfundisha?"

Na kweli nilichagua. Hapo ndipo ninapokwama hadi leo, kwa sababu hata mahakamani angeshinda. Nilimchukia vibaya sana pale barabarani, na nikajichukia zaidi.

Niliifungua injini peke yangu, nikabadilisha pistoni mbili zilizotoboka, nikafunga hedi ya Dar. Gari linakwenda mpaka leo. Mzee alipokuja kulichukua, alimpongeza mjomba. Mwaka uliofuata mjomba aliita ndugu, akatangaza kwamba gereji inakwenda kwa mkwe wake, muuza matairi ambaye hajawahi kufungua hata pampu ya maji. Alisema mimi mikono ninayo, ila sina jicho la kuchagua. Hakuna aliyebisha, hata mimi.

Sasa nina kibanda changu huku Mkonze. Hedi ya nukta nne niliondoka nayo, iko chini ya benchi. Juzi mjomba alinitembelea. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa, akaiona. Aliivuta, akapitisha kidole gumba ubavuni, nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Nukta alizozipiga mwenyewe. Nilisubiri, nikidhani sasa atakiri.

"Nukta nne, na turbo juu yake," alisema, akitikisa kichwa kwa huruma. "Mama, ulikuwa unafikiria nini?"

Nilikuwa na jibu lililokaa kinywani miaka mitatu.

"Sijui, mjomba," nikasema, nikaenda kumnunulia chai.