Vidudu Ambavyo Havikuwamo Majini

Nilikuwa nimepima maji ya chemchemi mara tisa kabla ya kuwaita watu. Nayasema hayo mapema kwa sababu kwa muda mrefu yalikuwa utetezi wangu. Mara tisa, maji yale yale, na sikupima maji mengine hata mara moja.

Wakati huo tulikuwa Ntoto, upande wa Walikale, tumekimbia vita kutoka milima ya Masisi. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio za watu. Niliyoyajua niliyapata kwa kufungua vitu na kusoma vitabu vya Kifaransa vilivyopoteza majalada. Watu walikuwa wanaharisha, na mimi nilikuwa nimesoma kwamba tone la maji linaloning'inia kwenye ncha ya bomba la sindano hukuza vitu kama lenzi. Nilikuwa pia na kitochi cha leza, cha kuchezea, kutoka duka la mfanyabiashara wa Butembo. Mchana mmoja tulifunika madirisha ya darasa moja la shule kwa mahema ya plastiki, nikaelekeza mwali mwekundu kwenye tone la maji ya chemchemi. Ukuta wa chokaa ukajaa chembe, maelfu, zikimetameta, na kila aliyekuwamo aliziona zikitembea.

Watu walisogea nyuma tu, polepole, hadi wakagusa ukuta wa upande wa pili.

"Njo hii tunakunywaka?" akauliza baba mmoja.

"Njo hiyo, Papa."

"Basi mimi narudia pombe. Yenyewe iko safi."

"Uliiachaka siku gani?" mke wake akamwuliza, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupata pumzi.

Kesho yake wanawake waliiacha chemchemi, iliyokuwa nyuma tu ya shule. Walienda mtoni, mwendo wa saa nzima, kwa barabara ambayo watu wenye silaha walikuwa wameweka kizuizi. Mke wangu alikuwa miongoni mwao.

Siku ya nne ya safari hizo alirudi bila bido, dumu lake la maji, na bila viatu. Jirani aliyeondoka naye hakurudi naye. Jirani huyo alirudi siku iliyofuata, akaingia kwake, akafunga mlango. Hatukumwuliza kitu.

Jioni ile aliyorudi, mke wangu alikaa kizingitini akinawa miguu. Alinawa muda mrefu. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Papa, maji ya kuchemsha uliyapimaka?"

"Hapana."

"Ya mvua?"

"Hapana."

"Redio ya watu unaipimaka na batri moja tu?"

Katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kusema redio imekufa kabla ya kuijaribu kwa betri nyingine.

Nilirudi darasani na maji yaliyochemshwa. Chembe zile zile. Nikaondoa tone kabisa, nikaacha mwali upanuke kwenye kipande cha kioo cha chupa na kuangukia ukuta mtupu. Chembe zile zile. Nikaweka kitochi chini, nikaenda kufungua vitabu.

Jibu lilikuwa katika kitabu changu, kurasa mbili baada ya ile ya lenzi, na nilikuwa nimeiruka. Mwanga wa leza una mawimbi yanayokwenda kwa hatua moja. Yakipiga ukuta wenye mikwaruzo hugongana, na jicho huona punje za mwanga na giza. Ukurasa huo huo ulieleza namna ya kuzipunguza: mwanga upitishwe katika kitu kinachotikisika bila kukoma, ili punje zibadilike haraka kuliko jicho na zichanganyike. Ulitaja fuwele za majimaji, yaani ule utomvu ulio katikati ya vioo viwili vya kikokotoo, unaoonyesha tarakimu.

Nilikuwa na kikokotoo kibovu. Niliambua plastiki za juu na za chini ya kioo chake ili mwanga upite, nikaunganisha nyaya kwenye njia ya spika ya redio kubwa ya zamani, nikafungua sauti hadi mwisho. Utomvu uligeuka ukungu, ukaanza kutetemeka. Nilipouweka mbele ya leza, punje zilififia, ukuta ukawa mwekundu mtulivu kama kitambaa.

Sasa nikapima kwa utaratibu ambao nilipaswa kuufuata tangu mwanzo. Picha ilikuwa hafifu, lakini ilitosha. Maji ya kuchemsha: hakuna kilichosogea. Maji ya chemchemi: vivuli vitatu vinavyoogelea. Maji ya mto, yaliyobaki ndani ya sufuria yetu tangu siku za kwanza: niliacha kuhesabu. Nilikuwa nimewatoa watu kwenye maji yenye vitatu, nikawapeleka kwenye haya.

Niliwaita watu tena. Niliondoa kioo cha kikokotoo, nikawaonyesha ukuta wenye punje, bila tone lolote.

"Mutikise kichwa," nikawaambia. "Vinawafuata?"

"Vinanifuata," akasema yule baba wa pombe, taratibu.

"Kidudu cha maji hakijui kichwa chako, Papa. Mimi nilikosea. Murudie chemchemi, muchemshe maji."

Wengi walirudi siku ile ile. Mama mmoja mzee, jirani mwingine wa upande wa chini, alibaki amesimama.

"Ile siku ulisema uliona."

"Niliona vibaya, Mama."

"Mimi niliona muzuri."

Nilimpelekea maji yaliyochemshwa. Alinishukuru, akayafulia nguo. Aliendelea kwenda mtoni, peke yake. Kila asubuhi nilisikia bido yake tupu ikigongana na mfuniko wake unaoning'inia alipopita mlangoni petu, na hadi arudi sikuweza kushika chuma changu cha kulehemu. Bido iliyojaa hailii. Kwa hiyo, kujua kama amerudi, ilinibidi kutoka nje na kutazama barabara.