Mbwa wa theluji amekula

Ndugu na marafiki, natangaza kwa heshima zote: leo mbwa wangu amekula!

Ni yule wa nchi za theluji, mkubwa kama ndama, niliyeachiwa na injinia wa mgodi aliporudi kwao. Tangu aje kwangu Kasese alikuwa anahema tu, chakula hagusi. Mke wangu alishaniuliza tutamzika wapi.

Leo sokoni akarukia sanduku la barafu la Mama Kavira, muuza samaki kutoka Butembo.

"Baba Masika! Mbwa yako iko mu barafu yangu!"

Nikajua nimekwisha.

Mama akacheka, akampa kichwa cha samaki. Kikaisha! Akampa kingine, nacho kikaenda!

Nyumbani nimesema nilimpeleka pale kwa akili zangu. Kweli yenyewe, alinivuta kwa kamba mpaka nikatua kifudifudi juu ya samaki, na kwa joto la leo sikuharakisha kutoka.