Sahani Mbili za Bugali

Wiki jana, kwenye kibanda cha kuchaji simu pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama mmoja Mkongomani alinikabidhi simu yake kwa mikono miwili. Mjukuu aliyemlea alihamishiwa Kanada akiwa mdogo, na sasa anaweza kusoma Kiingereza tu.

"Binti yangu, mwandikie mi niko namukumbuka sana. Lakini andika muzuri, asinisahau."

Niliandika "I miss you", kisha nikaingiwa na wasiwasi kama ndivyo alivyotaka. Nikamweleza kwamba "miss" ni kuumwa na pengo la mtu, na kwamba tangu zamani Waingereza hulitumia neno hilo pia kwa aliyelenga kitu akakikosa.

Akavuta kitenge mabegani. "Akakosa? Ile siku ya kukimbia nilimubeba ku mugongo mpaka ku mupaka! Futa. Andika: kila magaribi natosha bugali na sombe, sahani mbili."

Nikaandika hivyo hivyo, kwamba kila magharibi anapakua ugali na kisamvu sahani mbili, nikihofia kijana wa watu hataelewa. Dakika chache baadaye simu ikalia. Lilikuwa swali moja, nikamsomea kwa Kiswahili: "Nani anakula ya kwangu?"

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mwambie ni jirani, ule Murundi. Na anamalizaka yote!"

Chuoni nilifundishwa asili ya vitenzi, lakini hili hapana. Niliporudi Mbarara nilimpigia mama yangu, na badala ya kumwambia nimemkumbuka, nikamuuliza wamepika nini nyumbani.