Ambachi Iliyokatwa na Maua Yake

Yakura alikuwa mbishi tangu aolewe. Visiwani kwao, katika Ziwa Chad, kila mtu ana gogo lake la ambachi, kile kichaka cha majini chenye mti mwepesi na maua ya manjano. Unalilalia kifudifudi, unapiga maji kwa mikono mpaka kisiwa cha pili, ng'ombe wakiogelea mbele yako. Ila ambachi haikatwi ikiwa na maua, maana hapo imekunywa maji. Yakura akaikata vivyo hivyo.

"Umekata bibi harusi wewe, atakutoroka njiani," Kelu alimwambia, mke mkubwa wa mume wao, mwanamke asiye na mtoto wala ng'ombe, mwenye ulimi wa pilipili.

"Bi mkubwa, gogo langu, kifua changu. Wivu utakuua!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Mwaka huo ziwa lilijaa, malisho yakamezwa, ikabidi wavuke. Yakura alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aliyepewa na baba yake, tena mwenye mimba pevu. Akivuka salama, Yakura ana maziwa na heshima. Akizama, basi tena, ni kuombaomba kwa watu.

Katikati ya maji gogo likaanza kudidimia. Yakura akapiga yowe. Ng'ombe, kusikia sauti ya mwenyewe, akageuka kumrudia na tumbo lile zito, akawa anazunguka palepale, anahema.

"Nyamaza, mpumbavu wee! Unamuua ng'ombe!"

Ni Kelu huyo. Alimsukumia Yakura gogo lake mwenyewe, kisha akamdaka ng'ombe pembe, zile pembe nene za ng'ombe wa ziwani, akamwimbia sikioni taratibu mpaka akaelekeza pua ng'ambo.

Walipofika nchi kavu Kelu alikuwa anatetemeka, midomo imepauka.

"Bi mkubwa, hata mimi niliyekutukana?"

"Ungezama ningegombana na nani? Hawa wengine hawajui hata kujibu."

Yakura akacheka huku analia. Alhamdulillahi, alisema, akairudia mpaka majirani wakachoka kumsikia. Ng'ombe alizaa ndama jike, mwekundu. Ndama alipopata nguvu za kutembea, Yakura alimfunga kamba, akamvuta mpaka mlangoni kwa Kelu, mume wao akitazama.

"Huyu ni wako. Si wa nyumba, si wa mume. Wako."

Kelu alifungua mdomo, watu wakasubiri matusi. Badala yake alimkumbatia ndama shingoni akalia kwa kwikwi, na Yakura akaketi chini karibu naye.